Adui Aliyetajwa Mapema

Ukitaka kumuudhi Violeth wa Makutupora, mwambie filamu imeishaje kabla hajaitazama. Atakununia wiki nzima, na kama ulikuwa umekaa kwenye kiti chake unasukwa, utaondoka na mistari ya upande mmoja. Si utani. Yalimkuta Asma, mteja wake wa siku zote, akashinda amejifunga kilemba mpaka walipopatana.

Violeth ana saluni kwenye barabara ya kwenda mashamba ya zabibu. Kazi yake ni nywele, lakini roho yake iko kwenye maiti. Maiti za vitabuni, usije ukamfikiria mabaya! Alipokuwa sekondari, mwalimu wake mmoja alihamishwa akaacha boksi zima la riwaya za zamani za upelelezi, za Waingereza, Wafaransa, Wajapani, hata za nchi ambazo Violeth alizitafuta kwenye ramani akazikosa. Akazisoma zote, kamusi pajani. Sasa vitabu vile vingi vimegeuzwa filamu, na Violeth ndiye mchambuzi wake. Anakisoma kitabu upya, anaitazama filamu, halafu anarekodi sauti na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp alilolianzisha mwenyewe, linaitwa Nani Kaua.

Na sauti zake, weee, usipime! "Jamani, kitabuni kachero ni mama mnene anayependa kula. Hawa watu wa filamu wametuletea mlimbwende asiyegusa hata karanga. Sasa huyo sumu ya kwenye supu ataijuaje?" Siku nyingine alirusha sauti kwa hasira mpaka watu wakadhani amefiwa. "Wamembadilisha muuaji! Kitabu kizima namvizia mtunza bustani, wao mwishoni wananipa mke wa marehemu! Huo ni uungwana?" Lakini jina la muuaji wa kweli huwa halitaji ng'o, mpaka kila mtu awe ameshatazama.

Tatizo ni kwamba watu walikuwa wanasikiliza sauti, wanacheka, basi. Violeth alitaka watazame pamoja, wabishane, wanyoosheane vidole. Na kwa hilo kulikuwa na mahali pamoja tu: kibanda umiza cha Yotham, chenye mabenchi, luninga kubwa, spika mbili na Anko Batho.

Anko Batho ni Batholomeo, mtu mzima mwenye sauti ya kuamsha waliolala. Filamu ikiwa ya kigeni, anakaa kando ya luninga na kipaza sauti, anawatafsiria watu papo hapo, na kuongeza chumvi zake. Kabla mambo hayajapamba moto, ana desturi moja. Ananyoosha kijiti kwenye kioo cha luninga. "Huyu ndiye steringi, hafi. Na huyu ndiye adui, mkariri sura." Hapo ndipo watu wanakaa vizuri. Miaka yote hiyo Anko Batho hajawahi kumtaja adui akakosea.

Yotham alikuwa hataki hata kusikia habari za upelelezi. "Dada Vai, watu wangu wanataka mapanga," alimwambia. "Watu wa kukaa wakiulizana maswali sina." Violeth akamsumbua, akambembeleza, akamsukia mkewe bure, mpaka Yotham akanyoosha mikono. "Haya. Nakupa Jumamosi hii, saa kumi jioni. Wakikaa mpaka mwisho, kila Jumamosi saa kumi ni yako. Wakitoka, usinisumbue tena maishani."

Violeth alichagua filamu ya Kitaliano iliyotokana na riwaya ya zamani kuhusu tajiri wa zabibu aliyekutwa amekufa kati ya mapipa yake ya mvinyo. Nani mwingine ataielewa kama si watu wa Makutupora? Kitabu alikijua kama kiganja chake. Filamu hakuitazama, kwa sababu kwake mwiko ni mmoja: filamu ya kutazama pamoja na watu haichunguliwi kabla, ili uchambuzi utoke ukiwa wa moto. Flashi yenye filamu akampelekea Anko Batho aitazame, ajiandae.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuomba kitu kimoja tu. Hiyo Jumamosi usiwaonyeshe adui."

Anko Batho akamtazama kama mtu aliyeambiwa ale ugali bila mboga. "Violeth, watu wakae saa mbili nzima bila adui?"

"Wamtafute wenyewe, Anko! Utamu uko hapo."

"Nimekusikia," akasema. Violeth akaondoka anaruka ruka, wala hakugundua kwamba kusikia si kukubali.

Jumamosi ikafika, kibanda kikajaa. Wavunaji walikuja na vidole bado vyeusi kwa maji ya zabibu. Bibi Ruthu, ambaye kibandani hajawahi kutia mguu, alikuja na kigoda chake akakiweka mbele kabisa. Anko Batho akapuliza kwenye kipaza sauti, akawasalimia kwa Kigogo. "Mbukwenyi!" Kibanda kizima kikaitika, "Mbukwa!"

Mwanzo ulikwenda vizuri. Shamba la zabibu lilipotokea tu, kelele. "Angalia wanavyozitupa kwenye kreti, hao wangefukuzwa huku!" Tajiri akafa, wakanyamaza. Kachero akaingia, mzee anayechechemea, akaanza kuuliza maswali. Akamuuliza mpishi. Akamuuliza daktari wa familia. Akamuuliza mdogo wa marehemu, kijana wa kulia lia. Akarudi tena kwa mpishi.

"Steringi gani huyu hajapiga hata kofi?" Abeli, mvunaji mmoja, akapaza sauti.

"Adui yuko wapi?"

"Anko Batho, tupe adui bwana!"

Anko Batho akaendelea kutafsiri kana kwamba hasikii. Abeli akasimama. Benchi lake likasimama naye, wakaanza kuelekea mlangoni. Pale mlangoni Yotham amekunja mikono, hatazami filamu, anamtazama Violeth, na macho yake yanasema nilikwambia. Jumamosi zake zote zilikuwa zinatoka na wale vijana.

Ndipo kipaza sauti kikanguruma. "Kaeni chini! Mnakwenda wapi? Mmemwona huyo daktari, mwenye mkoba? Mkariri sura. Huyo ndiye adui."

"Aaaaah!" Kibanda kikashusha pumzi. Abeli akarudi mbio kuwahi nafasi yake.

Violeth alisimama. Alitaka kumnyang'anya mzee wa watu kipaza sauti mbele ya hadhara, liwalo na liwe. Kamsaliti! Kisha akakaa taratibu, mdomo wazi. Daktari? Kitabuni muuaji ni mdogo wa marehemu. Daktari ni mtu mwema, hana kosa hata la kuiba sindano.

Ina maana wamembadilisha tena muuaji? Anko Batho ameitazama filamu, na Anko Batho hakosei adui. Lakini mbona mdogo mtu analia vile kila akiona mapipa? Na daktari, mbona ananawa mikono kila saa? Violeth akainama mbele. Akaanza kuhesabu ushahidi upya, akabadili mawazo, akayarudisha. Mpishi alipopokea kikombe kutoka kwa daktari, wote wakapiga yowe, "Usinywe!" na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Violeth. Tangu enzi za lile boksi la mwalimu hajawahi kupata raha ya namna hii. Alikuwa hajui! Jamani, alikuwa hajui!

Mwishoni kachero akawakusanya wote kule kwenye mapipa. Akachechemea mpaka mbele ya daktari.

"Mkamate!" kibanda kikaamuru.

Kachero akampita. Akasimama mbele ya mdogo wa marehemu na kumshika bega.

Halafu, mama yangu, pale palilipuka! Watu walirukiana, benchi moja likavunjika, Abeli akashika kichwa kama aliyefungwa goli la dakika ya mwisho. Violeth alikuwa juu ya benchi jingine anapiga kelele, "Ni yeye! Ni yeye!" kama mtu ambaye hajawahi kukishika kile kitabu.

"Anko Batho mwongo!" wakamgeukia. "Umetudanganya!"

Anko Batho alicheka mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi. "Mlitaka adui, nikawapa adui. Mngekwenda zenu!" Kisha akakishusha kipaza sauti, akamwita Violeth karibu. "Hawa niliwadanganya ili wakae. Lakini wewe mwanangu umekuja hapa ukiwa unajua kila kitu. Nikasema, haiwezekani, huyu naye leo lazima asijue."

Violeth akamkumbatia mbele za watu, analia na kucheka kwa pamoja. Halafu wakadai uchambuzi, maana ndivyo walivyoahidiwa. Yeye anayeweza kuongea mpaka simu ikazima, alishika kipaza sauti akasema maneno machache tu. "Kitabu hiki nimekisoma mara nne. Leo mmenifanya niogope." Wakampigia makofi hata hivyo.

Nje watu wa mpira, waliokuja kutazama mechi ya jioni, walishaanza kugonga bati wakitaka kuingia. Ndani hakuna aliyeinuka. Walikuwa wanabishania machozi ya yule kijana, kama yalikuwa ya uongo au ya majuto, na Abeli ndiye aliyekuwa anabisha kuliko wote. Bibi Ruthu akamvuta Violeth sketi.

"Eti mjukuu wangu, Jumamosi ijayo anakufa nani?"

Violeth akanyanyua macho kumtafuta Yotham pale mlangoni. Yotham alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlango, anawazuia watu wa mpira wasiingie.

"Mjibu Bibi, Dada Vai," akasema. "Tunakusubiri."