Marietha na Mkate Usio na Asali

Watu wa Nduguti wa siku hizi wanajaza tumbo na kudhani wamekula. Asubuhi maandazi yaliyozama kwenye mafuta, mchana chipsi, jioni sembe nyeupe isiyo na kitu ila weupe wake. Mashamba ya uwele tumeyageuza kuwa ya alizeti, tunauza alizeti, kisha tunanunua unga uliokobolewa mpaka ukabaki vumbi. Mifuru, miti ya matunda meusi yaliyotulisha utotoni, imekatwa, imekuwa mkaa. Nimeyasema haya mpaka vijana wakiniona nakuja wananiamkia mbio mbio, "Shikamoo mzee," na kupotea kabla sijaitikia.

Basi leo nitaeleza habari za jirani yangu Marietha, mke wa Philipo.

Marietha ni mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye kicheko kinachosikika kwangu ng'ambo ya uzio. Kwa miaka mingi alikuwa akikaanga maandazi karibu na stendi. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwa mchoyo wa sukari. Nilikuwa nikimwambia, "Mama Jesca, unatuua kwa utamu." Naye hujibu, "Mzee, mbona wewe hufi na unakula kila siku?" Nami nachukua la pili.

Aliyeumia ni mumewe. Philipo alijikata kidole gumba cha mguu kwa jembe, kidonda kikakataa kupona. Wakaenda kituo cha afya, akapimwa, wakaambiwa ana kisukari. Siku hiyo hiyo Marietha alirudi, akachukua sukari yote ya nyumbani akawagawia majirani. Na mimi nilipata kikombe. Kisha akafanya kosa ambalo angelifanya mtu yeyote wa huku kwetu: akamwekea mumewe asali.

Msomaji wa mbali atashangaa. Lakini sisi tumelelewa na asali. Mtoto akikohoa hupewa asali, mzazi hupewa asali, mzee anayekata roho hulowanishwa midomo kwa asali. Kwetu asali ni dawa, na dawa haiwezi kumdhuru mgonjwa. Kaka yake Philipo, Melkizedeki, ana mizinga huko Mitundu, na kila akija huleta dumu. Philipo akawa anatia asali kwenye chai, kwenye uji, na jioni analamba kijiko kitupu. Marietha anamtazama kwa furaha. "Kunywa, baba Jesca, hii haina kiwanda."

Kidonda kikawa cheusi ukingoni.

Waliporudi kupima, muuguzi Rahel alitazama kipimo, akamtazama Marietha. Nilikuwepo, maana niliwasindikiza.

"Mama, si nilisema sukari basi?"

"Sukari hatuna hata chembe, binti yangu. Anatumia asali tu. Asali mbichi, ya msituni."

Rahel akavuta kiti akakaa, jambo ambalo wauguzi hawana muda nalo. "Asali nayo ni sukari, mama. Damu ya baba haiulizi kama imetoka kwa nyuki au dukani. Daktari amesema dawa anywe bila kuruka, kidonda kisafishwe, na chakula kibadilike. Sukari isiposhuka, kidole hiki kitakatwa. Na kikikatwa kimoja, mguu wenyewe uko jirani."

"Na matunda je?"

"Ale, lakini kwa kiasi. Tunda zima, si juisi. Kipande, si sinia."

Njiani Marietha hakucheka hata mara moja. Philipo ndiye aliyesema, "Basi nitakufa na mdomo mchungu." Nikaona hatari yote ilikuwa pale. Dawa angeimeza. Ila mwanamume aliyezoea utamu, ukimnyima nyumbani, ataufuata stendi. Marietha alilijua hilo kuliko mimi, kwa kuwa stendi ni yeye aliyekuwa akiwauzia wanaume wa namna hiyo.

Akaanza kutafuta mkate. Unga wa ngano mweupe hakuutaka. Alichukua uwele kutoka kwa mama mmoja mkaidi kama mimi anayelima bado, akausaga bila kukoboa. Uwele haushikani, ukiuoka peke yake unapata kifusi. Akaponda ndizi mbivu moja, akavunja mayai, akatia unga wa ubuyu kwa ajili ya ukali wake. Ili uumuke akatia magadi, yale yale tunayotia kwenye mlenda. Alipochanganya, donge likatoa povu kama limekasirika. Akalitia kwenye sufuria ndogo, sufuria ndogo akaitua juu ya mchanga ndani ya kubwa, makaa chini, makaa juu ya mfuniko.

Mkate wa kwanza ulitoka wa kijani. Sisemi uongo: uwele ukikutana na magadi mengi hubadilika rangi kama jani. Nikaonja.

"Vipi, mzee?"

"Unanikumbusha kitu."

"Nini?"

"Siku ya kufua."

Akacheka mpaka akashika nguzo, nami nikafurahi kwa sababu kicheko kilikuwa kimerudi. Aliuoka tena. Magadi akapunguza yakawa ya kushika kwa vidole viwili, ubuyu akaongeza, na rangi ikatulia ikawa ya kahawia, ya udongo wetu. Ila utamu ulikuwa haujatosha kumshika Philipo. Hapo akaniuliza kama kuna mfuru popote uliobaki. Nilimwonyesha mmoja, juu kwenye mawe, mahali ambapo wachoma mkaa huona uvivu kupanda. Alirudi na kanga imejaa furu nyeusi, akatoa kokwa, akakausha nyama yake juani, akaikatakata kidogo kidogo ndani ya donge. Mkate ule, ukifika kwenye kipande cha furu, ulimi unasimama. Philipo alikula kipande chake, akaomba cha pili.

"Kesho," akasema mkewe, akafunika.

Philipo akawa hatoki kwenda stendi kutafuta utamu. Kidonda kikaanza kuwa chekundu, rangi ya nyama iliyo hai.

Kisha Melkizedeki akaja, na dumu begani.

Lazima nieleze desturi. Asali ikiletwa na mkubwa wako, huipokei ukaiweka kando. Unafungua mbele yake, unachovya kidole, unaonja. Usipoonja, umesema kwamba unamshuku. Ndugu wamewahi kuacha kuzikana kwa jambo dogo kuliko hilo. Melkizedeki alikaa, akaamkiwa na wote walio wadogo kwake, akafungua dumu, akalisukuma mbele ya Philipo. Harufu ikajaa chumba. Nilimwona Philipo akimeza mate, na mkono ukitoka wenyewe.

Marietha akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa dumu.

"Baba mkubwa, nisamehe. Huyu haruhusiwi."

"Na nani?"

"Na kidole chake."

Melkizedeki alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. "Mnasikia? Tangu lini asali ya nyumbani kwetu ikawa sumu? Baba yetu alikula asali mpaka akafa na meno yake yote!"

"Kweli," Marietha akasema, amepiga magoti, sauti ya heshima lakini mkono hauondoki. "Niambie, baba mkubwa, alikula lini?"

"Wakati wa kurina. Na kwenye mahari. Na pombe ya sherehe."

"Kwenye chai je?"

"Chai ipi? Nani alikuwa na chai?"

"Na akishakula, alikwenda wapi?"

"Kuchunga. Mpaka jua linazama."

"Huyu anachunga kiti, baba mkubwa. Na asali yako imekuwa ya kila asubuhi."

Philipo mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Melkizedeki hakucheka. Alikaa ametazama dumu, nami nikaanza kutafuta kofia yangu.

Marietha akaondoa kiganja, akachovya kidole chake mwenyewe, akaonja polepole, macho yakimtazama shemeji yake. "Nyumba imeonja," akasema. "Tamu. Asante." Kisha akaleta mkate, akaukata mbele yao.

Melkizedeki alitafuna kwa hasira. Akaacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakiangalia kidoleni. "Furu?"

"Furu."

"Bado zipo huku?"

"Mti mmoja," nikasema mimi.

Akageuka kwa mdogo wake, akamnyooshea dumu kwa mara ya mwisho, nadhani ili amjaribu. "Na wewe unasemaje?"

Philipo alikuwa amekalia mikono yake kama mtoto kanisani. "Kaka, nipe mkate."

Melkizedeki akafunga dumu mwenyewe, akakaza kifuniko, akampa Marietha awe anawapa wageni asali ile. Safari iliyofuata alikuja na dumu lile lile begani. Lilikuwa limejaa furu kavu za pori la Mitundu.

Kidole kipo. Rahel alikifungua bendeji akakigonga kwa kalamu, Philipo akaruka, na muuguzi akacheka. Sasa kila asubuhi Philipo hupita mbele ya nyumba yangu na makubazi yake yote mawili, anakwenda kumwagilia miche ya mfuru ambayo mkewe ameotesha kwa kokwa nyuma ya choo changu. Mimi kwa umri huu sitayala matunda yake. Lakini Philipo anakwenda kwa mguu, na haya mambo mawili, mguu na mti, nilikuwa nimeshayahesabu katika vitu vilivyopotea.