Kiti Kilichomshika Shangazi

Jamani, posa yangu ilikaa kitini ikagoma kuinuka. Wala sisemi kwa mafumbo. Nasema kiti cha mbao, chenye miguu minne, nilichokitengeneza kwa mikono yangu hii hii.

Kaeni vizuri niwasimulie. Ila kabla hujakaa, pitisha kwanza kiganja juu ya kiti. Mbele ya safari utajua kwa nini.

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Kutwa watu wananifokea kwa makosa ambayo si yangu, nami najibu, "Samahani sana." Ikifika jioni nimekwisha kabisa.

Kinachonirudishia uhai ni mbao.

Nyuma ya chumba changu kuna kibaraza. Hapo nina msumeno, patasi na randa kuukuu. Siuzi chochote. Napenda tu randa inavyoteleza juu ya ubao, maranda yakijikunja na kudondoka miguuni, na ile harufu yake. Majirani wananiita Fundi Bure.

Sasa, nilikuwa na mchumba. Kwao wote walishanikubali, amebaki mtu mmoja tu, shangazi yake. Ukoo mzima unamwita Jaji. Aliwahi kumkataa kijana wa watu kwa sababu alipiga miayo wakati wa maongezi. Jaji akisema hapana, hata baba mkwe anatazama dari.

Siku moja Jaji akampigia simu mchumba wangu. "Huyo mwenzio, akitoka kazini anafanya nini?"

Mpenzi wangu, kwa fahari zote, akajibu, "Anaranda, shangazi. Anaranda mpaka giza linaingia."

Balaa likaanzia hapo.

Jaji hajawahi kushika randa maishani mwake. Kwake yeye, kuranda ni kule kuzurura mitaani, mikono mfukoni, leo kona hii kesho kona ile.

"Na wewe unajua, na bado unamtaka?"

"Shangazi, mbona hicho ndicho nilichompendea?"

Jaji akakata simu.

Jumamosi asubuhi mchumba ananipigia, ananong'ona. "Tuko njiani, niko naye. Anataka kukukuta na wahuni wenzako."

"Wahuni gani? Si tulisema mnakuja kesho?"

Simu ikakatika.

Nilikuwa nimemtengenezea Jaji zawadi, kiti kipana chenye mikono na mgongo wa kulalia. Vanishi ya mwisho nilikuwa nimeipaka asubuhi ile ile. Kwa macho ilionekana kavu. Nikakisukumia kwenye kona, nikapanga viti vya plastiki mbele.

Jaji akaingia. Gauni la maua makubwa, mkoba kwapani. Akachungulia nyuma ya pazia, hakuona mhuni. Akavitazama viti vya plastiki kwa dharau, akaenda moja kwa moja kwenye kona.

"Shangazi, hicho..."

"Kina nini? Nacho kimeposwa?"

Akakaa.

"Haya, baba. Huwa unaranda wapi?"

"Hapo nyuma tu, shangazi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Huoni aibu?"

"Naona raha kweli. Hata mama wa chumba cha pili ameniomba nimfundishe mumewe."

Jaji akamgeukia mpwa wake. "Umesikia? Anafungua na chuo. Inuka twende."

Akainuka. Kiti nacho kikainuka.

Akajaribu tena. Kiti kikamfuata. Mchumba wangu akauma ncha ya kitambaa chake, mabega yanamtikisika. Mimi namwona mke ananiponyoka hivi hivi.

"Umenifanya nini, wewe kijana?"

"Ni vanishi, shangazi. Haijakauka. Nisamehe, kiti ni zawadi yako. Nimekiranda mwenyewe."

"Kiti kinarandwa?"

Nikaona tumeongea lugha mbili muda wote ule. Nikakimbilia kibarazani, nikaleta ubao na randa, nikaanza kazi pale pale mbele yake. Maranda yakaruka, moja likamwangukia mapajani. Akaliokota, akalinyoosha, akalinusa.

"Kumbe kuranda ndiyo huku?"

"Ndiyo huku, shangazi."

Akacheka. Jamani, alicheka mpaka kiti kikalia chini yake, na sisi tukacheka mpaka machozi.

Mchumba akaleta mkasi. "Ukigusa gauni langu nitakukata wewe," Jaji akasema. "Tutasubiri ikauke." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ikikauka ndiyo itamshika zaidi.

Basi akakaa. Akaletewa chai, akaletewa nyingine. Akadai pa kuegemeza miguu, nikamtengenezea kigoda cha haraka. Akanifokea ubao ukienda upande, akatuimbia nyimbo za ujana wake. Sijawahi kufurahi hivyo na mtu niliyekuwa namwogopa.

Jioni akainuka, taratibu, bila kelele. Gauni likabanduka salama, maua yake yakabaki yamechapwa kwenye kiti.

"Posa imepita," akasema. "Ila kiti naondoka nacho."

Nikambeba mgongoni. Kiti, simaanishi shangazi.

Siku ya harusi Jaji akaomba kusema neno. Akatutazama, akatabasamu.

"Siku ile mimi nilibanduka tangu chai ya kwanza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamuuliza, "Sasa shangazi, mbona ulikaa kutwa nzima?"

"Mwanangu, mimi ndiye naitwa kila penye shida. Kila ninapokaa, kuna mtu ananiinua. Siku ile nilipata kisingizio."

Kicheko kikakatika. Mke wangu akanishika mkono, nikaona analia. Hata mimi, nisiwadanganye.

Kwa hiyo wapendwa, vanishi iacheni ikauke, na mtu akikasirikia neno lako, muulize amesikia lipi. Lakini kubwa ni hili. Kwenu yupo mtu ambaye hajawahi kukaa mpaka chai yake ikaisha. Mtafutie kiti. Akishakaa, usimwulize anainuka saa ngapi.