Uma, Kisu na Shali ya Bi Maryamu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata sasa nikiifikiria natazama chini, na mimi ni bibi wa wajukuu tisa, nakaa zangu hapa Mombasa wala hakuna tena wa kunisuta.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Nilizaliwa Chula, kisiwani, ambako wanawake watano tulikula sinia moja kwa mkono wa kulia, na kila mtu akijua upande wake bila kuambiwa. Baba alinipeleka Kismayu nikae kwa mjomba wangu Athmani, kaka yake mama. Mjomba alikuwa mpishi wa melini miaka mingi kabla ya kustaafu, na binti yake Fatuma, aliyekuwa rika langu, alijua kushika uma na kisu tangu utotoni. Mimi nilijua kijiko, nacho nilikishika nikiwa mgonjwa, kwa kunywea uji.

Sikumaliza mwaka pale nikaposwa. Mposaji alikuwa kijana mwenye duka la nguo. Mama yake, Bi Maryamu, alikuwa amekaa Mogadishu na alipenda mambo ya mezani. Akatualika chakula cha mchana, sisi wanawake wa nyumba ya mjomba, apate kunitazama vizuri. Asubuhi ya siku hiyo Fatuma alinifuata jikoni na sahani ya kiazi cha kuchemsha, uma na kisu, akaniambia anioneshe, si kazi kubwa. Nikamjibu kwamba mimi si mtoto wa kufundishwa kula. Ukweli ni kwamba niliona haya. Tulikuwa rika moja, yeye anajua, mimi sijui.

Tukaenda watatu: mimi, Fatuma na mkaza mjomba, mama yake Fatuma. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe. Zililetwa tambi ndefu, zile ambazo Kismayu tunaziita baasto, kisha nyama ya kuchoma, kila mtu na pande lake, na bakuli la mchuzi likawekwa baina yangu na Fatuma. Tambi nilizimudu kwa kuwaibia wenzangu macho. Nyama ikanishinda. Nilikikamata kisu kwa ngumi kama mtu anayepasua kichwa cha papa, nikakandamiza, nyama ikateleza, mkono wangu ukapiga bakuli, na mchuzi ukaruka mpaka kwenye shali ya Bi Maryamu, shali ya hariri yenye rangi ya maziwa.

Wakati huo Bi Maryamu alikuwa amegeuka anazungumza na mkaza mjomba. Alipoona shali yake akauliza ni nani. Niligeuza uso tu, mwanangu, nikamtazama Fatuma, na macho ya meza nzima yakafuata yangu.

Fatuma alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Niwie radhi, mama. Mkono wangu umeteleza."

Bi Maryamu akasema ndiyo maana wasichana wengine afadhali waachwe wale mkekani. Fatuma akainamisha kichwa, asile tena. Mimi nilimaliza sahani yangu.

Tuliporudi, mkaza mjomba alimgombeza binti yake tangu mlangoni, kwamba ametutia aibu mbele ya watu. Mjomba alisikiliza yote. Akaingia ndani, akatoka na uma, kisu na kipande cha nyama kwenye sahani, akaniwekea mbele yangu, akaniambia nikate. Nikakamata kisu vilevile kwa ngumi. Akaitazama mikono yangu, akaelewa. Fatuma alitaka kusema jambo, akamnyamazisha kwa kiganja.

"Uma nitakufundisha, na kabla wiki haijaisha utakuwa unajua," akaniambia, wala hakupandisha sauti. "Lakini leo umechukua uso wa mwenzako ukaufanya kitambaa cha kufutia mikono. Wewe ni mchu mzima, si mtoto. Nenda ukalitengeneze jambo hili mwenyewe."

Jikoni nikamwomba Fatuma radhi. Alikuwa anaosha mchele, hakugeuka. Akasema, "Nilikuwa nangoja uje." Mpaka leo hajanikumbusha.

Kesho yake nikavaa buibui, nikaenda peke yangu kwa Bi Maryamu. Nilimkuta uani, shali imeanikwa kambani na doa lake. Nikamwambia kuwa mwenye kosa ni mimi, na kwamba nilimwacha mwenzangu aaibike kwa ajili yangu. Akaniambia nimsalimie mjomba. Basi.

Posa ile ikapoa. Miezi miwili baadaye wajumbe wakarudi, safari hii wakimtaka Fatuma. Fatuma akakataa. Alimwambia baba yake kwamba hawezi kuishi katika nyumba ambayo ukimwaga mchuzi unatukaniwa mkeka wa kwenu. Mimi niliolewa baadaye na baharia mpole wa kisiwa cha Kudhaa, na vita vilipotutoa Kismayu, Fatuma alifika Ulaya, mimi nikapitia kambi ya wakimbizi hadi hapa. Tunapigiana simu kila Ijumaa.

Mjomba alitimiza ahadi yake, nami nakupa kama alivyonipa. Kisu ukishike kwa mkono wa kulia, kidole cha shahada juu ya mgongo wake, na uma kwa mkono wa kushoto ukizuie chakula kisikimbie. Ukishakata, weka kisu ukingoni mwa sahani, uhamishe uma mkono wa kulia, kwa kuwa huo ndio tunaoutumia kula. Usinyooshe uma ukizungumza na mtu. Ukishiba, vilaze vyote viwili pamoja juu ya sahani.

Ila mwanangu, hayo utayajua kwa siku chache. Lililo gumu ni kusema sijui mbele ya rika lako, na kusema ni mimi kabla watu hawajaanza kutafutana. Yafanye hayo mapema, hata kama yatakukosesha kitu ulichokitaka. Na ukimwona mwenzio anahangaika na nyama yake, usimcheke wala usimkazie macho. Wewe kata yako polepole, apate kuona.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na afya ya kuila, akukalishe na watu wema popote utakapoalikwa, na asikuonjeshe aibu ya kumwumiza asiye na kosa. Amin.