Msagaji aliyemweka mkewe foleni ajifunza kuzungumza

Ni saa moja asubuhi. Mlango wa bati unasukumwa na msagaji anaingia katika chumba ambacho vumbi jeupe limetanda hadi kwenye nyaya za taa. Anakagua mkanda wa mashine, anagonga chekeche kwa kiganja ili unga wa jana udondoke, kisha anarudi dirishani. Nje, kwenye benchi refu la mbao, wateja sita wameshakaa, kila mmoja na ndoo au debe lake mbele ya miguu.

Hawashi mashine bado. Anamtazama mama wa kwanza usoni, kisha anasema taratibu, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali.

"Habari za asubuhi, mama. Umeamkaje? Leo tukoboe kwanza, au tusage hivi hivi?"

"Jamani, Radi!" mama anacheka. "Maneno yote hayo kwa debe moja? Unaniposa?"

Benchi zima linaangua kicheko. Msagaji anatabasamu kidogo. Anangoja. Mama anapomaliza kucheka, anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Koboa kwanza, baba. Mimi sijambo, ila mgongo."

"Pole na mgongo," anasema msagaji, na ndipo anapokea debe.

Jina la Radi alipewa na wateja kwa sababu ya sauti yake. Ana miaka hamsini na minane, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimaliza ndani ya chumba hiki, saa kumi kwa siku, siku sita kwa juma. Mashine ikinguruma, mtu hasikii hata kikohozi chake mwenyewe. Anayetaka kusikika hupiga kelele, tena kwa neno moja au mawili: Lete. Mimina. Ondoa.

Hata maneno hayo mara nyingi hayahitajiki. Msagaji ana lugha yake ya mikono. Kidole kimoja maana yake koboa kwanza. Ngumi maana yake saga bila kukoboa. Kiganja kikishushwa polepole kuelekea chini, maana yake kaa, ngoja zamu yako. Watu wa mtaa huu wanazijua ishara hizo kama wanavyojua njia ya kwenda kwao.

"Jambo la kwanza nililofundishwa kazini ni kutozima mashine ikiwa na nafaka tumboni," anasema. "Ukizima, inakwama. Utaifungua, utatoa punje kwa mikono, na watu wote wanakutazama. Kwa hiyo mtu akija kusema jambo lake, unatikisa kichwa tu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Unampa ishara, unaendelea."

Ishara hizo aliondoka nazo kazini akaingia nazo nyumbani.

Kila jioni alifika na masikio yanayovuma, akala, akalala. Mkewe, ambaye alikuwa mchangamfu na mwenye utani, aliacha kupigana na hali hiyo. Alijifunza ishara. Binti yao wa pekee naye alizijua kabla hajaanza shule. Akitaka maji alikuwa na alama yake, akitaka kulala alikuwa na alama yake.

"Majirani walikuwa wakicheka," anakumbuka msagaji. "Wanasema, nyumba ile hata wakigombana husikii kitu. Na mimi nilijiona nina bahati. Nyumba tulivu! Kumbe hatukuwa tunaongea."

Ilikuwa siku ya Jumamosi, mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Jumamosi ndiyo siku yenye watu wengi kuliko zote, na saa nne asubuhi foleni ilikuwa imetoka nje ya benchi hadi ukutani kwa jirani. Mkewe alikuja dirishani. Mkono wake mmoja ulikuwa kifuani.

Msagaji aliona midomo yake ikicheza. Alidhani amekuja kutafuta ufunguo, au anataka kumkumbusha jambo la sokoni. Mashine ilikuwa imejaa. Alitikisa kichwa, akanyoosha kiganja, akakishusha polepole.

Mkewe akaenda kukaa kwenye benchi.

"Kila mtu alipohudumiwa, naye alikuwa akisogea," anasema msagaji. Anasimulia akitazama mikono yake. "Mwenye ndoo akiondoka, anasogea. Mwenye gunia akiondoka, anasogea. Nilimwona. Niliona kabisa kwamba anasogea."

Ilichukua karibu saa mbili. Zamu yake ilipofika, alisimama mbele ya dirisha.

"Nikanyoosha mkono nipokee debe," anasema. "Hakuwa na debe."

Midomo yake ilicheza tena, kidogo tu. Msagaji alitikisa kichwa tena. Mke akageuka, akaenda zake, na mteja mwingine akaweka ndoo mahali pale. Msagaji alijiambia kwamba wataongea nyumbani.

Saa tisa alasiri binti alimkuta mama yake amelala sakafuni karibu na kitanda, akampeleka hospitali. Mama alifariki jua likizama. Aliyekuwa naye ni binti peke yake. Baba hakuwa amesikia simu kwa kelele za mashine; alifika akiwa na unga kwenye nyusi, akakuta ameshafunikwa shuka.

Siri ya foleni ilitoka msibani. Mama mmoja aliyekuja kutoa pole aliwaambia waombolezaji kwa nia njema kabisa kwamba asubuhi ile alikaa na marehemu kwenye benchi la mashine, na marehemu alikuwa akijishika kifua, akasema anamngoja mumewe. Binti alikuwa amekaa karibu. Aliinuka, akamfuata baba yake mbele ya watu.

"Baba, ulimpanga mama foleni?"

Msagaji alitaka kusema kwamba hakusikia, kwamba angesikia angeacha kila kitu. Lakini alikuwa na sauti moja tu.

"Sikusikia!"

Ilitoka kwa nguvu ile ile ya kushindana na mashine. Watoto waliokuwa nje waliacha kucheza. Wazee waligeuka. Kila aliyekuwepo alielewa kwamba baba amemfokea mwanawe mbele ya maiti ya mama yake.

Siku tatu baadaye binti alifunga virago. Anaishi kwa saa moja ya mwendo wa miguu kutoka hapa, ana chumba na cherehani yake, anashona sare za shule. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani.

Baba alijaribu simu mara tatu. Mara zote ilikuwa balaa. Sikio la kushoto la msagaji, ambalo ndilo lililo upande wa mashine, limepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake, kwa mujibu wa kipimo alichofanyiwa mwaka jana. Kifaa cha kumsaidia kusikia kinagharimu mshahara wake wa miezi saba. Simu ikiwa sikioni anapaza sauti bila kujua.

"Mara ya tatu aliniambia, 'Baba, unanifokea tena.' Akakata," anasema. "Na mimi nilikuwa namuuliza kama amekula."

Aliyemtoa kwenye shimo hilo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na moja anayekuja kusaga kila Jumatano na kopo lake la bati. Siku moja msagaji alimnyooshea mkono dirishani na kuunguruma, "Lete!" Mwalimu akalikumbatia kopo lake.

"Sileti mpaka unisalimie," akasema.

"Mwalimu, watu wengi!"

"Na mimi ni mmoja wao. Nisalimie."

Foleni ilikwama kwa dakika nzima. Mwishowe msagaji alitoa shikamoo iliyosikika hadi barabarani, na mwalimu akaipokea bila kucheka. Jioni alirudi, akamkuta amekaa peke yake kwenye benchi la wateja, ameshika tama. Alimuuliza ana nini, kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, anasema msagaji, mpaka ikabidi yeye mwenyewe aseme.

Tangu hapo, miezi mitano sasa, hukutana mara mbili kwa wiki, saa kumi na moja jioni mashine inapofungwa. Hawana daftari. Mwalimu humtaka msagaji aweke kiganja kifuani mwake mwenyewe anapoongea. Kifua kikitetemeka sana, sauti imezidi. Humtaka aulize swali moja, kisha akae kimya.

"Shida yake si masikio peke yake," anasema mwalimu. "Wapo viziwi wanaowasikiliza watu vizuri sana. Huyu alizoea kujibu kabla hajaulizwa. Nilimwambia, mtu akisema, ngoja mpaka amalize. Si mpaka achoke. Mpaka amalize."

Mwalimu hakuwa mpole. "Nilimkaripia, ndiyo," anasema. "Siku moja nilimuuliza, mkeo alipenda kuzungumza habari gani? Hakujua. Miaka thelathini! Akalia. Nikamwacha alie, halafu nikamwambia turudie somo."

Mazoezi yalianzia kwa wateja. Wengine walidhani anaumwa. Wengine waliulizana kama bei inapanda, maana mtu hakulainishii maneno bure. Mwanamume mmoja mwenye gunia alimuuliza waziwazi, "Mzee Radi, umetumwa na nani? Jana ulikuwa unatufukuza kama kuku, leo unatuuliza tumelalaje!"

Msagaji alimuuliza mama mmoja jirani habari za mwanawe anayeumwa, akangoja. Mama aliongea robo saa bila kituo. Nyuma yake watu walianza kupiga miluzi. "Radi, msikilizaji mkuu! Sisi tutapika lini?"

Sasa ameweka utaratibu wake. Nafaka ya mteja mmoja ikiisha tumboni mwa mashine, anazima kabla ya kumpokea mwingine. Wanasalimiana, wanaelezana, kisha anawasha. Kwa utaratibu huo amepunguza madebe kama kumi kwa siku, na mwenye mashine, ambaye ni mwanamke, amelalamika mara mbili.

"Nilimwambia, mama, nikatwe kwenye mshahara," anasema msagaji. "Akaniangalia, akaondoka. Hajanikata."

Si kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Wiki mbili zilizopita alimpigia ukelele kikongwe mmoja aliyesogeza kidole karibu na mkanda, na kikongwe yule hajarudi. Usiku hapati usingizi, anasema, anamwona mtu akisogea kwenye benchi. Na nyumbani hakuna wa kufanyia mazoezi. Anaongea na ukuta, kiganja kifuani.

"Najua wengine wanasema nimechelewa," anasema. "Ni kweli. Maji yamemwagika. Mama watoto hatanisikia nikimuuliza ameamkaje."

Mwezi uliopita mwalimu alikwenda mwenyewe kwa binti, yule fundi cherehani, akampelekea gauni la kupunguza kiuno. Hakuficha ametoka kwa nani. Fundi alishona hadi mwisho wa mshono ndipo akainua kichwa.

"Nilimwambia baba yako anajifunza kuongea," anasimulia mwalimu. "Akaniambia, 'Kuongea? Baba yangu sauti anayo, Mwalimu. Mtaa mzima unaijua.' Nikamwambia, basi anajifunza kunyamaza. Akarudi kwenye cherehani yake."

Jibu lilikuja Jumatatu ya wiki hii, siku ya kuchukua gauni. Lilikuwa fupi. Baba aje Jumapili, saa nane mchana. Asije na wazee wa kumwombea. Asilete kitu. Aje peke yake.

Kabla mwalimu hajavuka kizingiti, binti aliongeza jambo moja. Atamwekea kiti upande wa dirishani, ili sikio la kulia limwelekee yeye.

Msagaji amelisikia hilo mara tatu sasa, maana kila akikutana na mwalimu anaomba arudiwe. Amefua shati. Amemwambia mwenye mashine kwamba Jumamosi atafunga mapema ili masikio yapumzike.

Hataki kwenda kujitetea. Walijaribu na mwalimu kupanga maneno ya kuomba radhi, wakayaacha, kwa sababu kila alipoyasema sauti ilipanda. Amebaki na swali moja. Mkewe aliishi saa tatu hospitalini, akiwa na fahamu, na aliyekaa naye ni binti yao. Kwa mwaka mmoja na miezi minne baba hajawahi kuuliza mama alisema nini.

"Niliogopa," anasema. Ameketi kwenye benchi, mwishoni, karibu na dirisha. Sauti yake ni ya chini kiasi kwamba inabidi mtu amsogelee. "Hata sasa naogopa. Nitamuuliza, halafu nitanyamaza. Akilia, nitanyamaza. Akinitukana, nitanyamaza mpaka amalize."

Na akikataa kusema?

"Nitaomba nije Jumapili nyingine."

Anapangusa unga kwenye magoti, taratibu, upande mmoja na kisha mwingine.

"Labda alinilaani," anasema. "Labda aliuliza kama nimekula. Alikuwa mtu wa hivyo. Lolote alilosema, nataka nilisikie lote."