Mbuzi Sita wa Ayeeyo

Nikiikumbuka Alhamisi ile, mwanangu, nacheka kidogo, halafu kicheko kinanisuta. Ndiyo, nimekuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, wewe uko gredi ya saba, na tangu nibaki peke yangu nyumbani nimezeeka haraka. Vumilia.

Hapa mtaani Iftin tulikuwa wawili, mimi na ayeeyo, bibi yangu, pamoja na mbuzi sita. Jioni hiyo mbuzi waliporudi, ayeeyo aliona kumi na wawili. Yeye haogopi mtu yeyote, ila anaogopa kukaa na mali ya jirani. Akafungua lango, akawafukuza wageni. Wakatoka wote, maana wageni hawakuwepo. Niliwakimbiza hadi msikitini, nikicheka mpaka mbavu zikauma.

Niliporudi natweta, ayeeyo alikuwa ameketi, amefunika jicho la kulia kwa ncha ya mtandio.

"Ayeeyo," akasema, maana kwetu bibi na mjukuu huitana jina hilo hilo, "nikifunika jicho unabaki mmoja. Nikifunua, mko wawili."

"Yupi anakula sana?"

"Wote walafi."

Kisha akasema kichwa kinamuuma, nisimwambie mtu. Nikaahidi. Kesho yake nikaliambia darasa zima, nikamwigiza na mtandio wa kuazima, hata mwalimu akacheka.

Jumamosi asubuhi alimimina chai kando ya kikombe, ikatiririka mkekani, naye hakuona. Kope la jicho la kulia lilikuwa limelala, haliinuki. Nikaita tuktuk, tukaenda hospitali.

"Ilianza lini?" daktari akauliza.

"Alhamisi."

"Na wewe ukanyamaza siku mbili?"

"Sikunyamaza. Niliambia watu arobaini."

"Kulikuwa na daktari kati yao?"

Akaagiza kichwa cha ayeeyo kipigwe picha.

Mshipa wa damu ulikuwa umevimba ndani ya kichwa, unabana mshipa wa fahamu wa jicho. Huo wa damu ungeweza kupasuka. Siku hiyo hiyo ambulensi ikampeleka Nairobi pamoja na mjomba wangu, na huko ayeeyo akapasuliwa kichwa. Mimi nikaachiwa mbuzi na mitihani. Hii ni wiki ya tatu. Jioni nahesabu sita, nafunga lango, namimina chai vikombe viwili, halafu nakumbuka.

Jana ayeeyo alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nyinyi wawili mmekula?"

Sijui kama alikuwa anatania. Watu wamewahi kuniuliza kama natania, ila sikujua kutojua kunavyouma.

"Tumekula, ayeeyo," nikasema.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akikuambia anaona kitu kimoja kama viwili, mwulize kama kinabaki kimoja akifunika jicho moja, kisha lingine, ukamweleze daktari jibu lake. Ikiwa imeanza ghafla, au kichwa kinauma, kope limelala, uso umepinda, ulimi mzito, mkono umelegea, usingoje kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo. Ikija polepole, au vinabaki viwili hata kwa jicho moja, bado akapimwe. Ikiondoka yenyewe pia, mpeleke. Utani utasubiri, hauozi.

Mungu akupe macho yanayokubaliana, na nyumba yenye mtu wa kukuuliza kama umekula. Na ukiomba leo, mwombee ayeeyo arudi ahesabu mbuzi wake sita.