Dozi Mbili za Bi. Zaituni

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya uuguzi niliripoti kituo cha afya cha mpakani Tunduma, sare yangu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kazi yetu ilikuwa kuwachoma chanjo ya homa ya manjano madereva na wafanyabiashara wanaovuka kwenda Zambia. Afisa Afya, mkuu wangu wa kwanza, aliinua kichupa kwenye mwanga.

"Binti, hii ni chanjo hai. Kirusi chenyewe kimo humu, kimedhoofishwa tu. Mwenye kinga dhaifu usimguse, utamuua. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Sema."

"Kinga dhaifu, chanjo hapana."

Mzee yule alikuwa sahihi, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Ubaya ni wetu sisi tuliomfuata. Tulibeba nusu ya somo. Neno "hai" tuliliacha Tunduma, "hapana" tukaenda nalo kila tulikohamishiwa.

Mimi nilihamishiwa kwanza zahanati moja ya Ibaba, huko milimani Ileje, nikazalisha akina mama na kuchanja watoto wao. Kisha nikapelekwa hospitali ambayo sitaitaja, upande wa Vwawa, kliniki ya wagonjwa wa muda mrefu. Mkuu wetu pale alikuwa Mganga Mfawidhi, daktari mchapakazi, ambaye naye aliwahi kufanya kazi kituo kile cha mpakani.

Kwenye kliniki hiyo nilimhudumia Bi. Zaituni, muuza mchele wa Tunduma, aliyepandikizwa figo ya dada yake. Aliyepandikizwa kiungo humeza kila siku dawa za kushusha kinga, ili mwili usikikatae kile kiungo kigeni. Kinga ikishuka, virusi vya tetekuwanga vilivyolala kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni huweza kuamka, vikatokeza malengelenge yanayochoma kama moto upande mmoja wa mwili. Huo ndio mkanda wa jeshi.

Daktari bingwa wake aliyeko Dar es Salaam alimwandikia chanjo ya kuuzuia. Dozi zote mbili zilisafirishwa kwa basi ndani ya kisanduku cha baridi, na Bi. Zaituni akakileta kliniki amekipakata kama kichanga.

"Dada, nichome upesi kabla sijakimbia. Sindano naiogopa kuliko mume wangu."

Mganga Mfawidhi aliisoma barua ya bingwa akiwa amesimama.

"Huyu anameza dawa za kushusha kinga?"

"Ndiyo, daktari."

"Sasa unaniuliza nini? Wewe si umetoka mpakani?"

"Lakini bingwa ameandika..."

"Bingwa yuko Dar. Huyu mama akifa hapa, nitaulizwa mimi. Weka kwenye friji. Nitaandika mkoani kuomba mwongozo."

Nikaweka kwenye friji. Kabla ya kutoka kazini nilifungua boksi nikasoma karatasi iliyokuwa ndani. Haikuwa chanjo hai. Ilikuwa na kipande tu cha kirusi, kisichoweza kumwambukiza mtu, na wenye kinga dhaifu walikuwa miongoni mwa waliokusudiwa hasa. Kesho yake nikampelekea mkuu wangu ile karatasi.

"Sista, subira," alisema, bila kuishika.

Nami, niliyelelewa kanisani kuiheshimu subira, nikasubiri. Bi. Zaituni alipopiga simu kuuliza kama mwongozo umefika, nilimjibu, "Bado, tumwombe Mungu." Nililitumia jina la Mungu kuficha woga wangu. Hilo nimelitubu, lakini halijaacha kuniuma.

Mwezi wa tatu wa kusubiri, mkanda ulitoka, kuanzia mgongoni kuzunguka mbavu. Majirani walikuja kutazama kama ncha zake zinakaribiana, maana huku kwetu watu husema zikikutana mtu hufa. Sokoni walinong'ona, "Kumbe ana ngoma," yaani VVU, kana kwamba VVU ni kosa la mtu. Wateja wakahamia meza ya jirani. Malengelenge yalikauka, maumivu yakabaki. Hata kanga ikimgusa ubavuni, anaruka.

Nilipokuwa nakabidhi ofisi ili nistaafu, niliikuta ile barua ya kwenda mkoani ndani ya faili. Haijasainiwa.

Siku ya kuniaga, Mganga Mfawidhi alinisifu mbele ya wote. "Miaka yote hii, Sista hajawahi kunibishia!" Watu wakapiga makofi. Bi. Zaituni alikuwa amekaa nyuma, amelivuta gauni lake kwa vidole viwili lisimguse.

Nilisimama, nikamshukuru Mungu, kisha nikasema: "Daktari, sifa hiyo siipokei. Zile dozi mbili hazikuwa chanjo hai. Nilikuletea karatasi hukuisoma. Ukaniambia subira, nikasubiri, na maumivu hayakuwa yangu." Mshereheshaji akaongeza sauti ya muziki.

Bi. Zaituni alinikuta mlangoni. "Umesema vizuri, dada. Ungesema hivyo mwaka jana, leo ningecheza."

Nilipomwambia kwamba namwombea kila siku, alinijibu, "Asante, lakini wenzako wasiojua je?" Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoanza kazi. Ulizeni kwanza kama chanjo ni hai. Kama si hai, bingwa ameagiza, na mgonjwa amekaa mbele yako amekunja mkono wa gauni, usimpe subira. Mchome.