Bega Lisilokosea

Saa mbili asubuhi, sokoni Matuu. Kaloki Muindi, miaka hamsini na mmoja, anapokea gunia la mahindi kutoka kwenye lori, analiweka begani, kisha anatulia kama mtu anayesikiliza redio.

"Hii haifiki tisini," anasema. "Ni themanini na saba."

"Mzani umesema tisini!" mwenye mahindi anafoka.

"Basi oa huo mzani," mpakuzi mwingine anamjibu.

Linapimwa upya. Themanini na saba.

Kwa shilingi tano kila gunia, bega hilo limebeba miaka ishirini na mitatu na kusomesha watoto wawili. Kifungua mimba, Wathome, alilitazama lilivyovimba kama kiazi, akalikataa.

"Aliniambia, 'Baba, mimi nitabeba bunduki. Hiyo iko na mkanda, na iko na pensheni,'" Kaloki anasimulia.

Jeshi lilimchukua mwaka 1997. Mwaka jana, 2000, likampeleka Afrika Magharibi kulinda amani. Agosti akarudi ndani ya jeneza lililopigwa misumari, na amri kwamba lisifunguliwe. Barua ilitaja bomu la kutegwa ardhini. Gari la jeshi liliposhindwa kuvuka korongo, wanaume sita wakalibeba jeneza hadi nyumbani. Kaloki alishika mbele.

"Wathome alikuwa kilo sabini na sita," anasema. "Humo ndani hamkuwa na mwili mzima."

Yeye alielewa bomu limefanya nini. Kosa lake lilikuwa kumnong'onezea mkewe, Kamanthe, kando ya kaburi: "Mama Wathome, ni jepesi sana."

Kamanthe alielewa vingine. Kama ni jepesi, mwanawe hayumo. Na kama hayumo, yu hai, jeshi limempoteza tu. Akafuta machozi papo hapo, na hajalia tena. Msalaba wa kaburini amekataa uandikwe jina.

"Nimemwambia nilikosea," Kaloki anasema. "Ananiuliza, 'Tangu lini bega lako likakosea, Baba Wathome?'"

Alhamisi hii makurutu wanaandikishwa uwanjani mjini Machakos. Kamanthe anamtuma binti yao, Ndanu, miaka kumi na tisa, aingie jeshini akamtafute kaka yake.

"Nauli ya kufika Afrika Magharibi hatuna," Ndanu anasema, akimmiminia babake uji aliomletea sokoni. "Jeshi linapeleka bure."

Kaloki alimwomba chifu ruhusa ya kufukua kaburi, mkewe ajionee. Chifu akamtuma kortini. Kortini wakamwambia arudi Januari.

Kwa hivyo Alhamisi atamsindikiza binti yake hadi uwanjani.

"Wazazi wengine wataomba mtoto achukuliwe," anasema. "Mimi nitasimama kwa ua nikiomba daktari apate hata jino moja bovu, wamkatae."

Ndanu anacheka, anapanua kinywa mbele yake. "Hesabu, Baba."

Kaloki anainua kidevu cha bintiye kwa kidole, anachungulia taratibu, jino kwa jino. Halafu anageuza uso.

"Yote ni mazima," anasema.